Maisha ya Pablo Casals, Mpiga Chelo

Safari hii tunawaletea habari za mtu ambaye hakuwa askofu wala mmisionari, wala hakupata kukanyaga nchi zetu. Alikuwa mpiga muziki. Jina lake ni Pablo Casals, na watu wa kwao humwita Pau, kwa kuwa ndivyo jina Paulo linavyotamkwa kwa Kikatalani. Alifariki mwaka 1973, akiwa amekwisha kupiga chombo kiitwacho chelo mbele ya watu kwa muda wa miaka 80 hivi.

Yawezekana wengi wetu hatujaiona chelo kwa macho. Ni kama fidla, ila kubwa mno, yenye nyuzi nne. Mpigaji huketi kitini, huisimamisha chini kwa mguu wake mwembamba wa chuma, huibana kwa magoti, kisha huzisugua nyuzi kwa upinde uliofungwa nywele za mkia wa farasi. Sauti yake ni nzito na ya upole, nayo hukaribia sana sauti ya mwanamume aimbaye.

Sisi tuliisikia mara ya kwanza chuoni, tulipokuwa tukijifunza ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mkufunzi wetu wa muziki alikuwa na santuri chache za kizamani, na jioni moja ya Jumapili alituwekea moja. Alisikika mtu mmoja na chombo kimoja tu, hakuna kwaya, wala ngoma, wala kinanda cha kumsindikiza. Tuliokaa nyuma tulinong'onezana kwamba mpigaji bado analinganisha nyuzi zake, na muziki wenyewe utaanza baadaye kidogo. Mkufunzi hakutukemea. Aliirudia santuri ile tangu mwanzo, mara ya pili na ya tatu, mpaka umeme ukakatika. Mpigaji yule ndiye Casals.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1876 katika mji mdogo wa El Vendrell, jimbo la Catalonia, kaskazini-mashariki ya Hispania, si mbali na bahari. Baba yake, Carles, alikuwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya wa kanisa la mji. Wanaowajua wapiga kinanda wa parishi zetu hawatashangaa kusikia kwamba kazi hiyo haikumtajirisha. Ilimbidi afundishe watu piano ili nyumba yake ipate chakula. Mama yake, Pilar Defilló, alizaliwa katika kisiwa cha Puerto Rico, kilichokuwa koloni la Hispania, na wazazi wake walikuwa Wakatalani. Mama huyu alizaa watoto 11, na wengi wao aliwazika wangali wadogo. Tulikumbuke jambo hilo tutakapofika mahali anapomshika mkono mwanawe na kuondoka naye.

Pablo alifundishwa na baba yake kuimba, kisha piano, fidla na kinanda. Alipokuwa na miaka mitano alikuwa akiimba katika kwaya ya kanisa. Kinanda hakuruhusiwa kukigusa mpaka miguu yake iweze kuzifikia pedali, naye alikuwa mfupi, akabaki hivyo hata utu uzima. Alipofika miaka tisa hivi miguu ikafika, na tangu hapo baba alipougua au alipozidiwa na kazi, mtoto ndiye aliyekalia kile kiti ibadani.

Siku moja walipita Vendrell wanamuziki wa kutangatanga, waliokuwa wakipiga vyombo vya kila namna walivyojiundia wenyewe. Mmoja wao alikuwa na ufagio aliouwamba uzi, akiupiga kama chelo. Mtoto alikwenda nyumbani akamweleza baba yake alivyoona, hana neno jingine. Baba akachukua kibuyu, akakitia mti na uzi mmoja, akampa. Msomaji wa kwetu akisikia habari ya kibuyu, mti, uzi na upinde hahitaji kuelezwa zaidi: hilo ni zeze. Wazee wa Kigogo wangelitambua mara moja, na pengine wangecheka kuona Mzungu amefika huko kwa njia yake mwenyewe. Kwa zeze lile Pablo alijifunza kupiga nyimbo alizotunga baba yake, na hata wimbo mashuhuri wa Schubert uitwao Serenade.

Chelo ya kweli aliisikia akiwa na miaka 11, mwaka 1888, walipokuja wanamuziki watatu kutoka Barcelona kupiga mjini. Mmoja wao alikuwa Josep García, mwalimu katika Shule ya Muziki ya Manispaa ya Barcelona. Mtoto aliketi mbele, hapumui. Baadaye alimwambia baba yake kwamba chombo hicho ndicho atakachokipiga maisha yake yote. Hapo nyumba ikagawanyika. Baba, ambaye aliijua njaa ya wanamuziki kuliko mtu mwingine yeyote mjini, alitaka mwanawe awe mwanagenzi wa seremala, apate ufundi utakaomlisha. Hatuwezi kumlaumu. Sisi wenyewe tumekaa na wazazi wa namna hiyo kwenye ofisi ya shule, tukasikia maneno hayo hayo, na mara nyingi tuliona wana haki. Lakini mama alishika lake. Mwaka huo huo wa 1888 alimchukua mtoto wakaenda Barcelona, akamwandikisha katika shule ya García.

Zamani hizo wanafunzi wa chelo walifundishwa kupiga huku wamebana kitabu kwapani, ili mkono wa kulia usitoke ubavuni. Vidole vya mkono wa kushoto navyo viliruka juu na chini kwa kusogeza kiganja kizima. Kijana Casals aliona mambo haya hayana maana. Akiwa nyumbani alikiachia kitabu kikaanguka, akauacha mkono utembee, akafunza vidole vyake kutanuka ili vifikie sauti nyingi bila kiganja kuhama. García alishtuka, kisha akamwacha aendelee. Wapigaji wa chelo wa leo, duniani kote, wanapiga kwa njia aliyoitafuta mtoto yule chumbani kwake, na wengi wao hawajui kwamba kulikuwa na njia nyingine.

Jioni alikuwa akipiga katika mkahawa ulioitwa Tost, watu wakinywa kahawa, kwa ujira wa peseta nne kila usiku. Baba yake alikuja kumtembelea mara kwa mara, na katika matembezi yao ya mwaka 1890 waliingia katika duka la karatasi kuukuu za muziki, karibu na bandari. Walikuwa wakitafuta vipande vya kupiga mkahawani. Humo, kati ya karatasi zenye vumbi, Pablo aliona kitabu cha mafungu sita ya muziki aliyoyatunga Johann Sebastian Bach kwa ajili ya chelo peke yake. Hakupata kuambiwa na mwalimu yeyote kwamba kitu kama hicho kipo. Wachache waliokijua walikichukua kuwa ni mazoezi ya vidole tu, kitu kikavu cha darasani. Na kama mtu alikipiga mbele ya watu, alipiga kipande kimoja tu, si fungu zima. Casals alikwenda nacho nyumbani akaanza kukisoma. Alikuwa na miaka 13. Alijizoeza kila siku kwa muda wa miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga fungu moja zima mbele ya wasikilizaji.

Hapo tunapenda kusimama kidogo, maana tumekuwa walimu, nasi tumezoea kutaka mtoto aonyeshe alichojifunza Jumatatu ifikapo Ijumaa.

Habari zake ziliufikia mkahawani mtunzi wa muziki Isaac Albéniz, ambaye alimwandikia barua ya kumjulisha kwa Hesabu wa Morphy, mtu wa jumba la kifalme huko Madrid. Kwa barua hiyo kijana alipata kupiga mbele ya Malkia María Cristina, akapewa posho ya peseta 250 kila mwezi ili asome. Alisoma Madrid, kisha mwaka 1895 akatumwa Brussels, Ubelgiji, kwenye chuo cha muziki kilichosifiwa sana kwa wapiga nyuzi.

Mwenyewe alisimulia yaliyompata huko. Mwalimu wa chelo alimtazama kijana yule mfupi, aliyevaa nguo za kishamba, akamwuliza anajua kupiga nini. Alipojibu kwamba anaweza kupiga chochote, mwalimu alimfanyia dhihaka na darasa zima likacheka. Akaambiwa apige kipande kigumu. Alipomaliza hakuna aliyecheka tena. Mwalimu alimwita pembeni akamwahidi tuzo ya kwanza ya chuo kama atabaki katika darasa lake. Casals alikataa, na kesho yake aliondoka kwenda Paris. Tendo hilo lilimgharimu posho ya malkia. Huko Paris yeye, mama yake na wadogo zake waliishi katika hali ya dhiki, yeye akipiga chelo ya pili katika ukumbi wa michezo ya burudani, mama akishona nguo za watu. Siku moja mama alirudi amefunga kichwa; nywele zake ndefu alikuwa amekwenda kuziuza. Mwishowe walirudi Barcelona, na mwaka 1896 kijana alipewa nafasi ya García, aliyekuwa akiondoka.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda. Mwaka 1899 alipiga London katika jumba la Crystal Palace, na mwezi Agosti akapiga mbele ya Malkia Victoria. Mwezi Novemba mwaka huo alipiga Paris pamoja na okestra ya Charles Lamoureux, na tangu siku hiyo hakukosa kazi tena. Alizunguka Ulaya, Urusi na Amerika. Katika ziara yake ya kwanza Marekani, alikuwa akipanda mlima Tamalpais karibu na San Francisco, jiwe likaporomoka likamponda vidole vya mkono wa kushoto. Jambo alilolikiri baadaye ni la ajabu: alipoviona vidole vile, wazo lake la kwanza lilikuwa la shukrani, kwamba sasa hatalazimika kupiga chelo tena. Watu hudhani kipawa ni raha tupu kwa mwenye nacho. Mkono ulipona baada ya miezi kadhaa. Mwaka 1904 alipiga katika Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Theodore Roosevelt. Pamoja na mpiga piano Alfred Cortot na mpiga fidla Jacques Thibaud aliunda kundi la watu watatu ambalo santuri zake zinasikilizwa mpaka leo.

Habari za ndoa yake ya kwanza hatutazirefusha. Mwaka 1914 alimwoa mwimbaji wa Kimarekani, Susan Metcalfe; hawakupatana, wakatengana mwaka 1928.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza alirudi Barcelona, na mwaka 1920 akaanzisha okestra iliyoitwa kwa jina lake. Wakubwa wa mji walimwambia haitadumu. Kwa miaka ya kwanza aliijazia upungufu wa mishahara kutoka mfukoni mwake, kwa fedha aliyoipata akisafiri kupiga nje. Kisha akaona jambo moja lililomsumbua: waliokuja kusikiliza walikuwa matajiri tu. Basi mwaka 1926 ukaanzishwa chama cha matamasha kwa ajili ya wafanyakazi. Mtu mwenye mshahara mdogo alilipa ada ndogo sana kwa mwaka, akapata kusikia okestra ile ile asubuhi za Jumapili. Chama kilikua, kikawa na gazeti lake, maktaba na shule ya muziki. Yeye mwenyewe aliihesabu kazi hiyo kuwa bora kuliko nyingi alizozifanya.

Tangu mwaka 1933, Hitler alipotwaa madaraka, Casals alikataa kupiga Ujerumani. Alialikwa, akakataa. Italia ya Mussolini nayo akaiacha.

Jioni ya tarehe 18 Julai 1936 alikuwa Barcelona akiifanyisha mazoezi okestra na kwaya, wakijiandaa kwa Simfoni ya Tisa ya Beethoven, ile ambayo mwisho wake watu huimba habari za furaha na undugu wa wanadamu wote. Mjumbe akaingia na barua: majeshi yameasi, vita vimeanza, tamasha la kesho limefutwa, kila mtu aende kwake upesi. Casals aliwasomea barua, akawauliza kama wanataka kutawanyika au kumaliza. Wakakubali kumaliza. Wakaimba sehemu ya mwisho yote, huku nje vizuizi vya barabarani vikijengwa, kisha wakaagana. Hawakupata kuwa pamoja tena wote waliokuwapo.

Vita vile vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu mpaka mwaka 1939. Casals aliendelea kupiga nje na kupeleka mapato kwa majeruhi na watoto wenye njaa. Ni katika miaka hiyo hiyo ya vita, kati ya 1936 na 1939, alipokwenda London na Paris kutia kwenye santuri yale mafungu sita ya Bach, naye akiwa na umri wa miaka 60 hivi. Hizo ndizo santuri tulizozisikia chuoni. Hatukuambiwa wakati ule kwamba aliyekuwa akipiga alikuwa na nchi inayoungua nyuma yake. Jenerali mmoja wa upande wa Franco alitangaza redioni kwamba wakimkamata Casals watamkata mikono yote miwili kwenye viwiko.

Franco aliposhinda, Wahispania karibu nusu milioni walivuka milima ya Pyrenees kwenda Ufaransa, wengi kwa miguu, wakati wa baridi kali. Waliwekwa katika makambi mchangani pwani, bila nyumba. Sisi wa nchi hizi tumewaona wakimbizi wakivuka mipaka yetu na magodoro kichwani, nasi hatuna haja ya kuchorewa picha. Casals alipanga chumba katika mji mdogo wa Prades, upande wa Ufaransa, ambako watu husema Kikatalani na mlima Canigou huonekana. Alipakia malori chakula na nguo akaenda nayo makambini. Aliandika barua maelfu, kwa mkono, kuomba msaada na kuwajibu wakimbizi waliomwandikia. Mwaka 1940, Wajerumani walipokuwa wakiingia Ufaransa, alijaribu kuondoka na rafiki zake kwa meli iitwayo Champlain. Meli hiyo ililipuliwa na kuzama kabla hawajaipanda, wakarudi Prades.

Huko walikaa miaka yote ya vita, wakila viazi na maharage, wakitafuta kuni. Maofisa wa Kijerumani walimjia nyumbani, wakamwalika kwa heshima kubwa aende kupiga Berlin. Alikataa. Wakamwomba awapigie wao tu, pale pale chumbani. Akasema bega linamwuma kwa baridi yabisi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikwenda Uingereza, akapiga, watu wakajaa. Yeye na Wakatalani wenzake waliamini kwamba sasa, Hitler na Mussolini wakiwa wameondoka, mataifa yaliyoshinda yatamwondoa na Franco. Hawakumwondoa. Serikali zilikuwa na sababu zake. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilitaka kumpa shahada za heshima, akakataa. Alitangaza kwamba hatapiga tena mbele ya watu katika nchi yoyote inayoitambua serikali ya Franco. Akarudi Prades, akafunga mlango. Alikuwa na umri wa miaka 68, umri ambao mkono wa mpiga chelo haungoji. Walimwahidi fedha nyingi Marekani, akakataa.

Uamuzi huu watu wameujadili sana, nasi tumeutafakari mara nyingi. Wako wanaosema aliwaadhibu wasikilizaji wasio na hatia, na Franco hakupungukiwa hata usingizi wa usiku mmoja. Ni kweli, Franco alitawala mpaka kufa kwake mwaka 1975. Lakini tunakumbuka siku moja katika shule tuliyofundisha, ambapo mkubwa mmoja alitembelea. Sisi walimu tulijua, na wazazi walijua, fedha za madawati zilikoishia. Hata hivyo tuliwapanga watoto juani tangu saa mbili mpaka saa saba, na alipofika tukawaongoza kuimba wimbo wa kumsifu ambao tulikuwa tumeutunga sisi wenyewe, sauti nne, vizuri kabisa. Alipiga makofi. Watoto wa darasa la saba walitutazama. Hatukuulizwa neno, wala hatukusema neno. Tangu siku hiyo kila tunaposoma habari za Prades hatuna haraka ya kusema kwamba ukimya wa mzee yule ulikuwa wa bure.

Kimya hicho kilivunjwa kwa hila ya upendo. Mwaka 1950 ulikuwa umetimia mwaka wa 200 tangu Bach afariki. Mpiga fidla Alexander Schneider, akishauriana na wanamuziki wa Marekani, alileta shauri: kwa kuwa Casals hataki kwenda ulimwenguni, basi ulimwengu uende Prades. Akakubali. Mwezi Juni walikuja wanamuziki na wasikilizaji kutoka nchi nyingi, wakabanana katika mji usio na hoteli za kutosha, na matamasha yakafanyika katika kanisa la Mtakatifu Petro. Kwa kuwa ni kanisani, watu hawakuruhusiwa kupiga makofi. Mzee alitoka peke yake na chelo yake, akaketi, akaanza na fungu la kwanza la Bach. Na alipomaliza watu wakasimama wote, kimya. Tamasha hilo likaendelea kila mwaka.

Januari 1955 alifariki Bibi Frasquita Capdevila, aliyekuwa naye miaka yote ya uhamishoni na kumtunza. Yeye alikuwa ameomba azikwe Vendrell. Casals aliuvuka mpaka, akamzika, akarudi. Hakupata kuiona tena Hispania maishani mwake.

Mwisho wa mwaka huo alikwenda Puerto Rico, alikozaliwa mama yake, akaona watu wanasema na kucheka kama mama. Baadaye alihamia huko. Mwaka 1957 alimwoa mwanafunzi wake wa chelo, Marta Montáñez, yeye akiwa na miaka 80 na bibi arusi miaka 20. Tunajua jinsi habari kama hiyo ingepokewa katika parishi yetu, na huko nako haikupokewa vingine. Wanaowafahamu husema walipendana, na Marta alimtunza vema miaka 16, kisha akawa kiongozi wa shughuli kubwa za muziki huko Marekani. Kisiwani Casals alianzisha tamasha la kila mwaka, na kwa msaada wake ikapatikana okestra mwaka 1958 na chuo cha muziki mwaka 1959. Tamasha la kwanza nusura life: katika mazoezi alipatwa na ugonjwa wa moyo. Wanamuziki wakapiga bila kiongozi, jukwaa lake wakaliacha wazi mbele yao, na Schneider akiwaongoza kutoka kitini pake.

Aliendelea kukataa nchi zilizomtambua Franco, ila aliona kwamba jumba la Umoja wa Mataifa si la nchi moja. Akapiga humo tarehe 24 Oktoba 1958, na redio zikaupeleka muziki ule nchi nyingi. Tarehe 13 Novemba 1961 alikubali kupiga katika Ikulu ya Marekani kwa mwaliko wa Rais Kennedy, ambaye alimwekea matumaini makubwa. Kumbukeni kwamba alikuwa amepiga katika nyumba ile ile miaka 57 nyuma.

Jambo jingine tusilisahau. Wakati wa vita huko Prades, rafiki yake mkimbizi, Joan Alavedra, alikuwa ameandika shairi refu la Kikatalani kuhusu hori la Bethlehemu, ambalo mwanzo wake lilikuwa kwa ajili ya binti yake mdogo. Casals alilitungia muziki wa kwaya na okestra, akiuita El Pessebre, maana yake Hori. Ulipigwa mara ya kwanza Acapulco, Meksiko, mwezi Desemba 1960. Tangu mwaka 1962 alizunguka nao nchi nyingi, akiongoza mwenyewe, akiwa mzee wa miaka 85 na zaidi, ili kuombea amani. Na katika kila tamasha alipenda kumalizia kwa wimbo wa zamani wa Krismasi wa Wakatalani, ambao ndege wa kila aina humwimbia Mtoto aliyezaliwa. Kwa wakimbizi wimbo huo ulikuwa kama wimbo wa taifa.

Kila asubuhi, popote alipokuwa, aliamka akaketi kwenye piano, akapiga vipande viwili vya Bach, ndipo akanywa chai. Alifanya hivyo tangu ujana mpaka mwisho.

Tarehe 24 Oktoba 1971, akiwa na miaka 94, alisimama mara ya mwisho katika Umoja wa Mataifa. Aliongoza wimbo alioutunga kwa ajili ya Umoja huo, wenye maneno ya mshairi W. H. Auden, naye Katibu Mkuu U Thant akamvika nishani ya amani. Kisha akaomba chelo, akapiga ule wimbo wa ndege. Mkono ulitetemeka kidogo.

Alifariki San Juan, Puerto Rico, tarehe 22 Oktoba 1973, umri miaka 96. Alizikwa huko, kwa kuwa Franco alikuwa bado hai. Mwaka 1979, Catalonia ilipokuwa imerudishiwa uhuru wake wa kujitawala, mwili wake ulichukuliwa kwa ndege kuvuka bahari, na tarehe 9 Novemba ukazikwa katika makaburi ya Vendrell. Nyumba yake iliyo ufuoni, Sant Salvador, leo ni makumbusho. Kile kibuyu cha uzi mmoja kimo humo.